Sura ya Nne: Mshono wa Mkono wa Kushoto

"Magunia yaliyopotea ni mangapi?"

"Hakuna lililopotea, afande. Yapo yote manne."

"Yana nini ndani?"

"Mpunga. Yamejaa mpaka shingoni."

Simu ilinyamaza. Sajenti Nelly Limbu akaisogeza mbali kidogo na sikio, maana alimjua Mkaguzi Stanislaus: akinyamaza kwanza, ujue sauti inajipanga.

"Nelly! Kijana wa watu kalala mahabusu kwa kuiba magunia ambayo yapo, yamejaa, na kufuli halina hata mkwaruzo! Nikiulizwa kilichoibiwa nijibu nini?"

"Kilichokuwa ndani, afande. Mwenye magunia anasema mshono wa midomoni si wake. Yamefunguliwa, yakabadilishwa mpunga, yakashonwa upya. Nipe muda."

"Leo Ijumaa. Saa tisa na nusu naondoka na jalada. Hujaniletea kitu, huyo Fredy atakaa ndani mpaka Jumatatu, na huyo mama akalime alicho nacho."

Akakata.

Nelly alitazama saa. Tano na robo. Jua la Ifakara lilikuwa limekaza kama linavyokaza kila baada ya mvua, na bati la stoo ya Chuo Kikuu cha Bonde lilikuwa likilia tii, tii kwa joto. Kwenye kizingiti alikaa Eufrasia, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri nje ya wodi.

"Kasemaje mkubwa wako?"

"Kasema tuna saa nne, dada."

"Saa nne." Eufrasia alicheka kacheko kakavu. "Mimi nimemaliza misimu tisa."

Maelezo yake Nelly alikuwa nayo daftarini tangu jana jioni. Eufrasia alikuwa mkulima wa Idete, mhitimu wa kundi la kwanza kabisa la chuo hicho. Misimu tisa alipita shambani kwake akichagua suke moja moja, akitafuta mpunga aliokuwa akilima bibi yake, ule unaonukia tangu ukiwa bado umesimama, ambao maji yakiupanda mpaka magotini haulali. Mpunga huo ulikuwa umeshachanganyika na mwingine mpaka watu wakasema umekwisha. Yeye akautoa humo, punje kwa punje, mpaka akapata magunia manne ya mbegu safi. Na hayo manne ndiyo aliyokipa chuo chake. Kesho, Jumamosi, wahitimu kutoka kila kona ya nchi wangekusanyika kwenye Shamba la Wahitimu kule Mngeta, ekari ishirini, na kila mmoja angemwaga konzi moja ya mbegu kitaluni. Mavuno ya kila mwaka yangelisha wanafunzi wanaokaa darasani na njaa.

"Nyumbani umebakiza kiasi gani?" Nelly aliuliza.

"Hata kibaba."

"Hata kibaba, dada?"

"Kwangu maji huingia mpaka uvunguni. Nilisema chuoni ndiko salama." Aligeuka akayatazama magunia. "Wengine wanatoa majengo, Sajenti. Mimi nilikuwa na hicho tu."

Nelly aliingia ndani, akachuchumaa mbele ya gunia la kwanza. Namba moja iliandikwa ubavuni kwa kalamu nene, kwa mkono wa Eufrasia mwenyewe. Gunia lilikuwa lake. Kilichokuwa kigeni ni mdomo.

"Nionyeshe ungeshonaje wewe."

Eufrasia alichomoa shazia kwenye pindo la kitenge chake, ile sindano ndefu ya magunia, akaishika kwa mkono wa kushoto. Akapita hewani tu, tap, tap, tap. "Mimi ni wa kushoto. Uzi wangu unalalia huku. Na nikifika pembeni natoa sikio, hapa moja, hapa la pili. Wabebaji washike wapi kama gunia halina masikio?"

Nelly alitazama mshono uliokuwapo. Ulilalia upande wa pili. Hatua zake zilikuwa ndogo, za kupendeza, kama za mtu anayeshona nguo. Na magunia yote manne hayakuwa na sikio hata moja.

"Basi aliyeshona si mbebaji wala mtu wa mashineni," alisema. "Mbebaji hawezi kusahau sikio, ni sawa na kusahau kidole chake."

Akakata uzi kwa wembe, akafungua mdomo, akachota. Mpunga ulikuwa safi, umepepetwa, hauna makapi wala jiwe. Eufrasia akatia punje moja mdomoni, akaing'ata, akaitema kiganjani.

"Mzuri huu, umekauka vizuri. Lakini si wangu. Haunukii."

"Na kujaa?"

"Hapo ndipo na mimi nashangaa. Mimi niliacha vidole vinne juu ndipo nikashona. Huyu kashindilia."

Nelly alinyanyuka taratibu. Tangu jana kila mtu alikuwa akimsema mwizi, mwizi. Lakini mwizi anayetaka kuficha kazi yake hujaza pumba, hujaza mchanga, huweka mpunga kidogo juu wa kudanganyia macho. Huyu alichukua magunia manne, akarudisha manne mazuri, tena akaongeza.

"Dada Eufrasia, huyu hakuiba."

"Kafanya nini sasa?"

"Kalipa."

Aliuinua ule uzi aliokata autie kwenye bahasha ya vielelezo. Ulipopita karibu na pua, mkono ukasimama. Akaunusa tena. Akamnusisha Eufrasia.

"Iliki," Eufrasia alisema, macho yakamtoka. "Na karafuu!"

"Shiii. Kuna mtu anakuja."

Aliyekuwa anakuja ni Mkurugenzi Anselim, mkuu wa Ofisi ya Wahitimu na Wafadhili, tai imekazwa, jasho linamtiririka nyuma ya masikio. Kwenye ukumbi wa mikutano alikuwa ameacha wafadhili waliofika tangu jana kutoka Dar es Salaam, na kila baada ya maneno matatu aligeuza shingo kuelekea huko.

"Sajenti, habari za kazi. Mama Eufrasia, pole sana, pole mno. Sajenti, mimi nilikuwa na wazo. Magunia yapo, mpunga upo. Kwa nini tusiyamalize kiofisi? Kesho shughuli iende, halafu wiki ijayo tukae."

"Na Fredy?"

"Fredy... kijana mzuri tu. Labda alikosea. Tutaongea naye."

"Funguo za hapa ziko ngapi, Mkurugenzi?"

"Mbili. Mmoja anao yeye, ni karani wangu. Mwingine uko kwenye droo yangu, haujatoka tangu Pasaka. Niliwaeleza wenzako jana, nikatia na sahihi."

"Na Fredy wiki hii alikuwa wapi?"

"Nilimtuma Mngeta tangu Jumatatu, akasimamie kitalu, na ufunguo wake mfukoni. Karudi Jumatano usiku. Ndiyo maana wenzako walisema usiku huo huo ndipo alipofanya mambo yake. Mama kaja jana jioni kuangalia magunia yake, kakuta hivyo."

Nelly aliandika yote, neno kwa neno, bila haraka. Kisha akamgeukia Eufrasia. "Ulipoyaleta walikupa karatasi yoyote?"

Eufrasia alifungua mkoba, akatoa barua yenye nembo ya chuo. Nelly akaisoma kwa sauti. "Mpendwa Mhitimu, tunakushukuru kwa moyo wako wa kutoa. Tumepokea magunia manne ya chakula..." Akaishia hapo. Akamtazama Mkurugenzi. "Chakula?"

"Ni barua tunayowaandikia wote," Anselim alisema upesi.

"Na mimi niliona," Eufrasia alisema, "nikadhani ndivyo maofisini mnavyoandika. Mbona nilikuandikia kila kitu kwenye barua yangu? Nilimpa Fredy akuwekee mezani."

"Ndiyo, ndiyo, ipo kwenye jalada." Anselim akatazama tena ukumbini.

Nelly alitoka mlangoni. Chini ya kizingiti, palipokuwa na tope lililoanza kukauka, punje kadhaa za mpunga zilikuwa zimezama nusu. Alipiga magoti na sare yake, akaichomoa moja kwa ncha ya kalamu, akaisafisha kidoleni. Halafu ya pili. Halafu ya tatu.

"Dada Eufrasia, njoo hapa. Wewe ndiye mwenye shule ya mpunga. Hii imelowa tangu lini?"

Eufrasia aliiweka punje kwenye mwanga. Kwenye kitako chake kulikuwa na kinundu cheupe kilichoanza kutoboa ganda. "Hii imeshaota. Kwa joto hili ni siku mbili na nusu. Tatu, hazizidi."

"Mvua ya mwisho mjini hapa imenyesha lini?"

"Jumanne jioni," Eufrasia alijibu, na kabla hajafunga mdomo alishaelewa. "Ilipiga tangu saa kumi na mbili! Tangu hapo hata tone."

"Na punje hizi zimo ndani ya tope, tope limezifunika kwa juu. Zilidondoka mvua ikiwa haijaja. Jumanne, mchana; zingedondoka kabla ya hapo, ndege wangeshazimaliza." Nelly akasimama, magoti yake yakiwa na viraka viwili vya tope. "Jumanne mchana Fredy alikuwa Mngeta, Mkurugenzi, umesema mwenyewe. Na ufunguo wake mfukoni."

Kutoka ukumbini mtu akaita, "Mkurugenzi, wageni wanakusubiri!" Anselim hakuwahi kuitikia wito kwa furaha kama siku hiyo.

"Tutaongea," alisema, akaondoka akitembea kama mtu aliyekatazwa kukimbia.

"Mkamate!" Eufrasia alinong'ona kwa ukali. "Sajenti, si huyo anaenda?"

"Huyo hana pa kwenda, kazungukwa na wageni wake. Mbegu ndiyo yenye miguu. Kesho chakula anapika nani?"

"Bi Mwanamvua, wa Lipangalala. Mpishi wa shughuli zote kubwa za chuo."

"Pilau yake ina iliki?"

Wakatazamana. Wakakimbilia pikipiki.

*

Nyumbani kwa Bi Mwanamvua masufuria yalikuwa yamepangwa uani kama ngoma, na wanawake watatu walikuwa wakimenya vitunguu saumu. Hakukuwa na redio inayolia wala feni inayozunguka. Transfoma ya upande huo iliungua Jumatano asubuhi, na tangu hapo Lipangalala ilikuwa ikiishi kwa tochi na maneno.

"Hodi wenyewe! Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, askari. Leo nimekosa nini?" Bi Mwanamvua alikuwa mwanamke mnene wa haja, khanga moja kiunoni, nyingine begani, na jicho lake lilishaisoma sare mpaka kwenye kibao cha jina. "Limbu! Kumbe Msukuma, mtani wangu! Ndiyo maana nimesikia harufu ya maziwa mgando kabla hujabisha hodi."

"Na mimi nimefuata harufu yako tangu chuoni, mtani. Mzaramo akipita mahali, hata uzi unabaki unanukia pilau."

Wanawake wa vitunguu wakaangua kicheko. Nelly akaitoa bahasha, akamnusisha. Bi Mwanamvua akacheka na yeye, bila wasiwasi hata chembe.

"Uzi wangu huo! Nauweka kwenye kikapu cha viungo pamoja na shazia, panya hawausogelei. Umeutoa wapi?"

Nelly alimwona Eufrasia akipiga hatua mbele. Akamshika mkono. "Kwenye magunia manne ya stoo ya chuo, mama. Jumanne ulifika pale?"

"Si nilifika! Saa nane mchana, na mkokoteni. Mkurugenzi kanifungulia kwa mkono wake. Kaniambia, Bi Mwanamvua, kuna mhitimu kaleta mpunga unaonukia mpaka nje ya ukuta. Jumamosi mwenyewe atakuwepo na wafadhili watakuwepo. Nataka ale mpunga wake mwenyewe, na kila mfadhili aondoke na kifuko cha kilo mbili. Na mimi nikaona kasema la maana. Kwetu mgeni akikuletea mchele, unampikia ule ule alioleta. Ukimpikia mwingine ni kama umeudharau."

"Hata kwetu Idete," Eufrasia alisema. "Hata kwetu ni hivyo."

"Ndiyo adabu yenyewe! Ila akasema stoo isipungue, ule ni wa wanafunzi. Basi nikanunua mwingine mzuri, nikajaza magunia yake, nikashindilia, asije mtu akasema Mzaramo kapunja. Ule wa harufu nikautia kwenye salfeti zangu, ile mifuko ya nailoni." Akasita. Alikuwa ameuona uso wa Eufrasia. "Mwanangu, wewe ni nani? Mbona unalia?"

"Ni mimi mhitimu mwenyewe, mama. Ule si chakula. Ni mbegu."

Kisu kimoja cha vitunguu kikaanguka chini.

"Mbegu?"

"Ndiyo yote iliyopo duniani," Nelly alisema. "Kwa ajili yake kuna kijana yuko mahabusu. Mkurugenzi hakukupigia simu?"

"Anipigie wapi, simu yangu imezima tangu Jumatano! Mungu wangu! Mimi nimeupeleka..." Aliziba mdomo kwa khanga. "Upo kwa Abdulnasir mashineni, unasubiri umeme. Kaniambia ukirudi tu, wangu ndio wa kwanza kukobolewa."

"Basi tumewahi. Umeme haujarudi."

Ni kama mtu alikuwa akisikiliza kwenye nyaya. Feni ya barazani ilijikohoza, ikazunguka nusu, ikazunguka nzima. Redio ya jirani ikalipuka katikati ya tangazo. Na kutoka mtaa mzima, watoto kwa wakubwa, sauti moja ikapanda: "Umeme huoooo!"

Nelly hakukumbuka aliivukaje mistari ya masufuria. Alichosikia ni moja likiviringika nyuma yake na Bi Mwanamvua akipiga kelele, "Salfeti za bluu! Uzi ni huo huo! Msukuma, kimbia!"

*

Pikipiki iliruka dimbwi la kwanza, ikaangukia la pili. Eufrasia nyuma alikuwa amemshika Nelly kiunoni kwa mikono miwili. Barabarani watu walikuwa wametoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe zimejaa njia nzima, wanaume wanasalimiana bila haraka kama watu wasio na mbegu mahali popote.

"Nipisheni! Polisi! Nipisheni jamani!"

"Dada, taratibu, hapa si mbugani Mikumi!" mmoja alimtania akirukia ukingoni.

"Abdulnasir yupo msikitini?" Nelly alimpigia kelele.

"Katoka wa kwanza kabisa! Kasikia umeme umerudi!"

Nelly akakaza mafuta.

Walianza kuisikia mashine kabla ya kuiona. Kwanza mlio mzito wa mota ikijivuta, kisha ule mngurumo unaotikisa mabati, kisha, juu yake, mshindo kama wa mvua ya mawe. Eufrasia alimfinya.

"Hiyo inakoboa! Si tupu hiyo, ina mpunga ndani!"

Nelly aliitupa pikipiki chini, injini ikiwa bado inalia. Ndani vumbi la pumba lilikuwa limeshaanza kupaa. Abdulnasir, kanzu imekunjwa mpaka magotini, alikuwa amesimama juu ya ngazi, salfeti ya bluu begani, akiinamisha mdomo wake kwenye karai la mashine. Nelly aliita. Hata yeye mwenyewe hakujisikia. Akaiona swichi ukutani, mpini mrefu mweusi, kati yake na swichi kuna lundo la magunia ya watu. Akapanda juu ya magunia hayo kwa mikono na magoti, akateremkia upande wa pili, akaushika mpini kwa mikono miwili, akaning'inia nao.

Taa ikazimika. Mashine ikaguna, ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza.

"Nani huyo kanizimia?" Abdulnasir aligeuka, macho mekundu kwa vumbi. "Nimekaa siku tatu bila kazi, umeme umerudi dakika tano... Ah. Afande."

"Shikamoo. Usimwage hata punje."

"Marahaba, lakini..."

"Hata punje, mzee wangu. Salfeti za Bi Mwanamvua ziko wapi?"

Tatu zilikuwa chini, zimeegemea ukuta. Nelly akainama kwenye mdomo wa kila moja. Uzi ule ule, hatua zile zile ndogo, na harufu ile ile ya jikoni. Zimefungwa bado. Ya nne ndiyo iliyokuwa begani kwa Abdulnasir, imeshapungua nusu.

Eufrasia hakuwa amezitazama. Alikuwa amesimama kwenye mdomo wa chini wa mashine, pale mchele ulipokuwa umemwagika juu ya turubai, mweupe, wa moto. Akauchota kwa viganja viwili, akautia uso ndani. Harufu ilikuwa imeshalijaza banda lote, harufu ya wali ambao haujapikwa, mpaka wanaume waliokuwa nje wakaanza kuchungulia.

"Ni wenyewe," alisema. "Ni wa bibi."

Kisha akapanda ngazi. Akamtoa Abdulnasir pale juu kwa mkono mmoja, kama anamtoa mtoto, akaanza kuchota kwenye karai mpunga ambao mashine haikuwahi kuumeza, akiurudisha kwenye salfeti konzi kwa konzi. Nelly alisimama chini amemshikia mdomo wa salfeti. Walipomaliza, ya nne ilifika zaidi ya nusu.

"Inatosha?" Nelly aliuliza. Sasa ndipo alipogundua kwamba kiganja chake kimechubuka na kinatoka damu.

Eufrasia alipiga hesabu kwa midomo. "Ekari ishirini tukipanda kwa mstari... Inatosha." Akasema tena kwa sauti, kama anamwambia mtu aliye mbali. "Inatosha!"

Bi Mwanamvua ndipo alipoingia, kashuka kwenye bajaji, khanga moja haipo. Alipoona salfeti zake zimesimama, akakaa chini kwenye pumba, akapiga kigelegele akiwa hapo hapo chini.

*

Saa tisa na dakika kumi walikuwa kwenye baraza la kituo cha polisi, Bi Mwanamvua naye yumo. Salfeti nne zilipangwa ukutani. Nelly alikuwa amemwita Mkurugenzi kwa simu, maneno machache tu: aje, na aje na jalada la mhitimu Eufrasia, karatasi zake zote.

Anselim alifika na jalada kwapani. Tai haikuwapo. Alipoziona salfeti alishika nguzo ya baraza.

"Nilijua jana jioni, mama alipopiga kelele kwamba ni mbegu," alisema, hata kabla hajaulizwa. "Mbegu ya kesho mimi nilidhani Fredy keshaipeleka Mngeta. Nikampigia Bi Mwanamvua, nikampigia, simu haipatikani. Nikasema nikimpata asubuhi tutarudisha kimya kimya, wafadhili wasijue. Nilidhani ni usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja wa nani?" Nelly aliuliza.

Mlango wa ndani ulikuwa umefunguliwa na Fredy alikuwa ametoka, mwembamba, viatu bila kamba, anapepesa macho kwa mwanga. Alimtazama mkubwa wake, akatazama chini.

"Nipe jalada," Nelly alisema.

Lilikuwa na karatasi chache. Fomu. Nakala ya ile barua ya shukrani. Na bahasha ya kaki. Nelly aliichukua, akaigeuza, na akabaki ameishika vile vile. Kisha akampelekea Mkaguzi Stanislaus, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akitazama saa.

"Afande, nilikwambia mshono wa magunia si wake. Huu hapa wake halisi."

Mdomo wa bahasha ulikuwa umeshonwa kwa uzi.

"Gundi ilikuwa imeliwa na unyevu," Eufrasia alieleza kwa aibu kidogo. "Nikaona niishone isije ikafunguka njiani."

Hatua pana, zinalalia kushoto. Hakuna uzi uliokatwa, hakuna tundu lililoguswa. Barua ililetwa wiki tatu zilizopita, ikajibiwa, ikashukuriwa, ikawekwa kwenye jalada, na mshono ulikuwa mzima kama ulivyotoka Idete.

Stanislaus aliitazama bahasha, akamtazama Mkurugenzi, akazirudisha funguo za gari mfukoni.

"Fungua," alisema. "Soma kwa sauti. Halafu utaingia ndani kuandika maelezo mengine, ukianzia na ule ufunguo wa kwenye droo."

Anselim alikata uzi kwa kucha. Ilimchukua muda. Karatasi ilikuwa ya daftari, imekunjwa mara nne.

"Mkurugenzi, salaam," alisoma. "Hii ni mbegu, siyo chakula. Nakuomba isiliwe hata kibaba, kwa sababu nyingine sina. Msimu ukiwa mzuri, mwakani mtakula nyote na mtashiba. Fredy anajua namna ya kuitunza, msikilizeni." Akaikunja karatasi ilivyokuwa, akamgeukia karani wake. "Fredy..."

"Nimesikia, Mkurugenzi," Fredy alisema.

Bi Mwanamvua alimgeukia Eufrasia. "Ule mchele uliokobolewa nakuja kukupikia wewe peke yako, mwanangu. Na huyu," akamwelekezea Mkurugenzi kidevu, "atapakua."

Eufrasia hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameiburuta salfeti ya nne mpaka katikati ya baraza, ameupigia magoti mdomo wake, shazia mkono wa kushoto. Uzi ulipita, ukalala, ukapita. Alipofika pembeni akakusanya kona, akaizungushia mara mbili, akakaza kwa meno. Akahamia kona ya pili.

"Hayo ya nini tena, mama?" Stanislaus aliuliza. "Si imeshafunga?"

"Masikio, afande." Akaivuta salfeti kwa sikio moja kuijaribu, akamwachia Fredy la pili. "Kesho inasafiri."